Onyesho bora la Grateful Dead ni lipi? Jibu limo katika kanda

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mabishano ambayo yamedumu kwa takriban nusu karne miongoni mwa mashabiki wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani yanaonyesha kwamba hata kizuri huhitaji mtu wa kukihifadhi. La sivyo, kitavuma usiku mmoja tu na kusahaulika.

Bendi hiyo iliundwa mwaka wa 1965 katika mji wa Palo Alto, jimbo la California. Kwa muda wa miaka 30, hadi kifo cha mpiga gitaa wake mkuu Jerry Garcia mnamo Agosti 9, 1995, ilipanda jukwaani takriban mara 2,300. Mashabiki wake sugu, wanaojulikana kama Deadheads, hawabishani sana kuhusu albamu zilizorekodiwa studioni. Kwao, swali ni moja: kati ya usiku huo wote, ni upi uliokuwa bora zaidi?

Kwa mtu asiyeifahamu bendi hii, swali hilo huenda likaonekana la kipuuzi. Iwapo wanamuziki ni wale wale na nyimbo ni zile zile, tofauti ya Jumamosi na Jumapili ni gani?

Wimbo mmoja, sura nyingi

Tofauti ni kubwa. Msomaji aliyezoea rumba ya Kongo anajua kinachotokea sebene inapoanza: mwimbaji hunyamaza, magitaa yakashika usukani, na hakuna ajuaye wimbo utakwisha saa ngapi. Grateful Dead iliufanya mtindo wa aina hiyo, wa kubuni muziki papo hapo, kuwa uti wa mgongo wa kazi yake. Aghalabu wanamuziki walichagua nyimbo wakiwa jukwaani, na wimbo mmoja ukaweza kuungana na mwingine bila kusimama.

Mfano mzuri ni wimbo Dark Star. Ulipotolewa kama santuri mwaka wa 1968, ulichukua chini ya dakika tatu. Katika albamu Live/Dead ya mwaka wa 1969, iliyonaswa jukwaani, wimbo huo huo ulichukua zaidi ya dakika 23. Mnamo Agosti 27, 1972, mjini Veneta, jimbo la Oregon, ulipita dakika 30.

Si ajabu basi kwamba bendi hii haikutamba sana kwa santuri. Wimbo wake mmoja tu, Touch of Grey wa mwaka wa 1987, ndio uliowahi kuingia katika orodha ya nyimbo 10 bora nchini Marekani. Ubora wake ulikuwa jukwaani, na kilichofanyika jukwaani kilibaki pale pale isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa amewasha kinasa sauti.

Wanasaji wa ukumbini

Watu hao walikuwepo tangu mapema. Mashabiki waliingia kumbini na vinasa sauti na kuinua vipaza sauti juu ya vichwa vya watu. Bendi nyingine zilikuwa zikiwafukuza watu wa aina hiyo na kuwapokonya vifaa. Grateful Dead iliwavumilia, na hatimaye mnamo Oktoba 1984, mjini Berkeley, ikaanza kuwatengea sehemu yao rasmi ukumbini. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe.

Hapo ndipo mabishano yalipopata mafuta. Shabiki wa New York aliweza kumtumia mwenzake wa California kaseti kwa posta na kupokea nyingine, na wote wawili wakalinganisha maonyesho ambayo hawakuyahudhuria. Jarida Dead Relix lilianzishwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya wabadilishanaji hao. Mwaka wa 1987 kikatokea kitabu DeadBase, kilichoorodhesha maonyesho na nyimbo zilizopigwa kila usiku.

Yafaa kueleza kwamba kanda hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya ukumbini, iliyonaswa na shabiki akiwa katikati ya umati. Ndani yake husikika makofi, vifijo na mwangwi wa jengo. Ya pili ni ile inayotolewa moja kwa moja kwenye mtambo wa kuchanganyia sauti wa bendi. Hiyo huwa safi, kila ala ikisikika mahali pake, lakini umati husikika kwa mbali sana.

Mashabiki hawajawahi kukubaliana ni ipi bora. Wako wanaosema kanda ya mtambo ndiyo muziki wenyewe. Wengine hushikilia kwamba bila sauti ya umati, msikilizaji hupata mwili usio na roho.

Fauka ya hayo, kaseti ilikuwa na kasoro ya kimaumbile. Kila iliponakiliwa, mvumo uliongezeka na sauti kufifia. Nakala ya nakala ya nakala ilisikika kana kwamba bendi inapiga nyuma ya pazia zito. Kwa hivyo, shabiki wa miaka ya themanini alipodai kwamba onyesho fulani halikuwa na ladha, pengine hakuwa akiwahukumu wanamuziki. Alikuwa akiihukumu nakala ya tano aliyoipata kwa posta.

Usiku wa Cornell

Onyesho linalotajwa mno ni la Jumapili, Mei 8, 1977, katika jumba la Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Ilikuwa siku ya akina mama nchini Marekani, na ingawa ulikuwa mwezi wa Mei, theluji ilianguka nje.

Ndani ya jumba, bendi iliunganisha Scarlet Begonias na Fire on the Mountain kwa takriban dakika 25. Karibu na mwisho ilipiga Morning Dew, ambapo gitaa la Garcia linaanza kwa unyonge na kupanda polepole hadi kilele ambacho wengi hukitaja kama kithibitisho kwamba hakuna onyesho jingine la kulifikia hili.

Onyesho hilo limeongoza kura za mashabiki mara nyingi. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi yake katika sajili ya kitaifa ya rekodi za sauti, miongoni mwa zile zilizoteuliwa kwa mwaka wa 2011. Sajili hiyo huhifadhi sauti zinazochukuliwa kuwa urithi wa taifa.

Lakini je, usiku huo ulikuwa bora kweli, au ulikuwa na bahati tu?

Wanaoshuku wana hoja nzito. Wanakumbusha kwamba bendi ilikuwa imepiga Boston usiku uliotangulia, na ikapiga Buffalo usiku uliofuata. Maonyesho hayo mawili yana wafuasi wake, nao husema kwamba tofauti kati yake na lile la Cornell ni ndogo kuliko sifa zinavyodai. Wapo hata wanaotania kwamba onyesho la Cornell halikuwahi kufanyika, na kwamba kanda yake ilibuniwa na mashushushu wa serikali.

Kinacholitofautisha ni kisa cha kanda zake. Ingawa kanda ya ukumbini ya usiku huo ilikuwa imezunguka awali, iliyolipa onyesho umaarufu ni ile iliyonaswa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti wa bendi. Mwanamke huyo alikuwa na sikio la ajabu. Kanda zake zina sauti safi na yenye uwiano kiasi kwamba msikilizaji hudhani ameketi katikati ya jukwaa.

Baadaye maisha yalimgeuka. Mnamo 1986, baada ya ada za ghala alimohifadhi mali yake kukosa kulipwa, shehena ya kanda zake ilipigwa mnada. Hazina hiyo ikaangukia mikononi mwa wanunuzi mbalimbali. Baadhi ya kanda ziliharibika kwa kuhifadhiwa vibaya. Nyingine zilinusurika, zikarekebishwa na kunakiliwa, na mwishoni mwa miaka ya themanini zikaenea miongoni mwa mashabiki kama moto wa nyikani.

Kwa mara ya kwanza, mamia ya wabadilishanaji waliweza kusikia mwaka wa 1977 kwa uwazi ambao hawakuwahi kuuota. Bila shaka Cornell lilikuwa onyesho zuri. Lakini uzuri huo usingejulikana lau kanda ingeozea ghalani.

Ilichukua muda mrefu kabla ya bendi yenyewe kuliuza onyesho hilo, kwa kuwa kanda asilia hazikuwa mikononi mwake. Ziliporejea katika hifadhi yake, toleo rasmi lilichapishwa Mei 2017, miaka 40 baada ya usiku wenyewe.

Wapinzani

Cornell ina wapinzani wengi. Kuna wafuasi wa Veneta, tamasha la kukichangia pesa kiwanda cha maziwa cha familia ya Kesey, ambapo tikiti zilichapishwa kwenye vibandiko vya mtindi. Jua lilichoma vibaya na ala zikayumba katika joto, lakini mashabiki hao husema kwamba bendi haijawahi kuthubutu kwenda mbali kama siku ile.

Kuna wanaoshikilia Februari 13 na 14, 1970, katika ukumbi wa Fillmore East jijini New York. Wakati huo mwimbaji Ron McKernan, aliyefariki mwaka wa 1973, alikuwa bado na bendi, na muziki ulikuwa mkali zaidi. Wengine hutetea miaka ya mwisho, hasa Machi 29, 1990, katika ukumbi wa Nassau Coliseum, ambapo mpuliza saksafoni Branford Marsalis alijiunga na bendi jukwaani.

Ukiwasikiliza kwa makini, utagundua kwamba kila kundi linapima kwa kipimo chake. Mmoja anasaka usahihi, mwingine ujasiri, wa tatu anakumbuka ujana wake.

Chini ya piramidi

Barani Afrika pia kuna ushahidi. Kuanzia Septemba 14 hadi 16, 1978, Grateful Dead ilipiga muziki Giza, Misri, mbele ya piramidi na sanamu la Sphinx. Hamza El Din, mwanamuziki Mnubi, alishirikiana nayo jukwaani, na usiku wa mwisho mwezi ulipatwa.

Kwa kisa, hakuna onyesho la kulishinda hilo. Kwa muziki, mambo yalikuwa tofauti. Mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa ameumia mkono, na piano haikuwa imewekwa sawa. Bendi haikuridhika, na mpango wa kutoa albamu wakati huo ukatupwa. Sehemu ya rekodi hizo ilitolewa mwaka wa 2008, miaka 30 baadaye.

Aliyekuwepo Giza atakwambia ulikuwa usiku bora maishani mwake, na hasemi uongo. Anayesikiliza kanda atakwambia bendi ilichechemea, naye pia hasemi uongo. Wawili hao hawahukumu kitu kimoja. Mmoja anahukumu usiku, mwingine anahukumu kanda.

Nani mwenye usiku?

Tofauti hiyo ilizua mzozo halisi Novemba 2005. Maelfu ya maonyesho ya bendi yalikuwa yamehifadhiwa kwenye Internet Archive, ambapo mtu yeyote aliweza kuyapakua bure. Ghafla yakaondolewa kwa matakwa ya upande wa bendi. Mashabiki waliwaka kwa ghadhabu, wakisema wao ndio waliozinasa, kuzitunza na kuzisambaza kanda hizo wakati hakuna mwingine aliyezijali.

Siku chache baadaye, maafikiano yalipatikana. Kanda za ukumbini ziliruhusiwa tena kupakuliwa, ilhali zile za mtambo wa bendi zikabaki za kusikilizwa tu. Ilikuwa kana kwamba mpaka umechorwa: kilichonaswa na umati ni cha umati, na kilichotoka kwenye mtambo ni cha wenye mtambo.

Bendi yenyewe ilikuwa imeonja thamani ya mashabiki hao mapema. Mtunza hifadhi yake, Dick Latvala, alianza kama shabiki mkusanyaji wa kanda. Mwaka wa 1993 ndipo mfululizo wa Dick's Picks ulipoanza kutolewa, yeye akichagua maonyesho. Matoleo hayo yalikuja na onyo kwa mnunuzi kwamba sauti ina dosari. Latvala, aliyefariki mwaka wa 1999, aliamini kwamba usiku wenye moto na kanda yenye kasoro ni bora kuliko usiku baridi ulionaswa vyema.

Hukumu ya nani basi ifuatwe? Mgeni anayetaka kuionja bendi hii na aanze na Cornell, kwa kuwa ni mlango mpana na sauti yake haichoshi sikio. Kisha aende Veneta, akasikie wanamuziki wakipotea njia kwa makusudi na kurejea. Akimaliza, atafute kanda ya ukumbini, asikie pia watu waliosimama pale.

Lakini asisahau kwamba kati ya maonyesho yale 2,300, yapo ambayo hakuna aliyeyanasa ipasavyo. Huenda lililo bora kuliko yote limo humo, na hakuna atakayelipigia kura. Nasi tunaokumbuka bendi zilizokesha zikipiga katika kumbi zetu tuna haki ya kujiuliza ni nani alikuwa na kinasa sauti usiku ule. Mali bila daftari hupotea bila habari.