Kufuli Tatu za Kikoba

Mtu akishindwa kuweka akiba, maelezo ya kwanza anayopewa ni kwamba hana nidhamu. Hivyo ndivyo wasemavyo wahamasishaji majukwaani, ndivyo visemavyo vitabu vya kujitambua vinavyopangwa kwenye meza za barabarani kila Januari, na ndivyo anavyojilaumu mwenyewe ifikapo katikati ya mwezi, mshahara ukiwa umeshayeyuka. Dawa anayoandikiwa ni moja: kaza moyo. Kwa ninavyozisoma tafiti za tabia ya watu na pesa, dawa hiyo ni dhaifu, na kina mama wanaocheza upatu mtaani kwako wana iliyo bora zaidi.

Tuanze na huo moyo wa kukaza. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walichapisha jaribio lililopata sifa kubwa. Wanafunzi waliwekwa mbele ya biskuti zilizotoka kuokwa, harufu imejaa chumba, kisha wakaamriwa kula figili tu. Baadaye walipopewa fumbo lisilo na jibu, waliacha mapema kuliko wenzao walioruhusiwa kula biskuti. Ikahitimishwa kwamba utashi huchoka ukitumika, na vitabu vingi vya kujiendeleza vikajengwa juu ya hapo. Lakini mwaka 2016 maabara zaidi ya ishirini zililipima wazo hilo upya kwa zoezi moja la pamoja na watu zaidi ya 2,000, na tofauti iliyopatikana ilikuwa karibu na sifuri.

Jaribio la watoto na peremende halikupona pia. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alimwachia mtoto peremende moja mezani na kumwahidi ya pili kama angesubiri. Walioweza kusubiri walionekana kufanya vizuri zaidi walipokua. Utafiti wa mwaka 2018, uliotumia watoto wengi zaidi na kuzingatia kipato cha nyumbani na malezi, ulikuta uhusiano huo umenywea sana. Mwaka huohuo ukatoka mwingine ninaoupenda zaidi. Watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, wakulima wa Kameruni, waliwekewa puff-puff, donati dogo la kukaanga lisilo mbali na kalimati zetu, wakalinganishwa na watoto wa Ujerumani waliowekewa vitamu vya kwao. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri. Kwa Wajerumani walikuwa asilimia 28. Sidhani kama kuna atakayesema watoto wa Kameruni huzaliwa na mioyo migumu zaidi. Wamelelewa penye utaratibu ambamo kusubiri ni jambo la kawaida.

Sasa turudi kwenye pesa. Anayekuambia uweke akiba kwa nidhamu anadhani adui yako ni wewe mwenyewe, na matamanio yako. Kwa watu wetu hiyo ni nusu ya habari. Pesa iliyoko mfukoni ina wenyewe wengi: kuna mchango wa harusi, shangazi yuko hospitali, jirani anaomba umsitiri mpaka Ijumaa, na huwezi kusema huna wakati unayo. Wachumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland waliochunguza vyama vya upatu Kibera, Nairobi, walieleza katika makala yao ya mwaka 2002 kwamba wanawake wengi wanaoishi na wenza huingia upatu ili kuikinga akiba isitumiwe na mwenza. Pesa iliyokwisha kutolewa kwa kijumbe, mkusanyaji wa pesa za upatu, haiombeki. Kule Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, Mary Kay Gugerty alikuta sababu nyingine iliyotajwa na wanachama wenyewe: mtu hawezi kuweka akiba peke yake.

Utafiti uliofafanua jambo hili kwa undani zaidi ni wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliochapishwa mwaka 2013, nao pia ulifanyika magharibi mwa Kenya kwa wanachama wa upatu. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa wao wenyewe. Wengine walipewa sanduku lilelile, ila ufunguo ukashikwa na mtu wa mradi mpaka kiasi walichokusudia kitimie. Kundi jingine liliongezewa chungu cha pili ndani ya upatu wao, chungu cha afya, ambacho mwanachama alikipokea zamu yake ilipofika ili anunue vitu vya kinga kama chandarua. Lengo la yote lilikuwa kuwekeza katika afya.

Ungetarajia sanduku lisilofunguka lishinde. Halikushinda. Sanduku ambalo ufunguo wake uko mkononi mwa mwenyewe liliongeza fedha zilizotumika kwa kinga ya afya kwa asilimia 66, wakati lile la ufunguo kwa mwingine halikuleta ongezeko la maana. Watu walisita kufungia pesa mahali wasipoweza kuifikia, na walikuwa na haki. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, huwezi kumsubirisha mpaka lengo litimie. Sanduku la kawaida liliwatosha wengi kwa sababu lilitenga pesa na kuipa jina, kisha likampa mwenyewe neno la kumwambia mwombaji bila kusema uongo: hii si ya matumizi. Mwenye kibubu cha mbao kisichofunguka ila kwa kuvunjwa ajiulize hapo kama ukali wa kibubu chake unamsaidia, au ndio unaomfanya akiweke kitupu.

Chungu cha afya kiliyapita masanduku yote mawili, kwani matumizi ya kinga yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kujitambua huliruka. Watafiti waliwapima washiriki kwa maswali ya kuchagua kati ya pesa kidogo leo na pesa nyingi zaidi baadaye, wakawatambua wale ambao leo huwatawala kupita kiasi. Kwa watu hao sanduku peke yake halikufaa kitu. Kilichowasaidia ni chungu cha kikundi, penye macho ya wenzao na aibu ya kukosa kutoa. Basi kabla ya kuchagua njia, jijue uko upande gani. Ukiwa na shilingi elfu hamsini ndani ya droo na wiki ikaisha ungali nazo, kufuli la kawaida linakutosha. Kama hujawahi kuiona wiki hiyo, unahitaji watu.

Tukitoka kwenye mahali pa kuweka pesa tukija kwenye muda wa kuiweka, mfano bora ni wa mbolea. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi wa Busia, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Karibu wakulima wote walioshiriki mashamba ya mfano walisema watatumia mbolea msimu unaofuata. Waliotumia kweli walikuwa kama theluthi moja na kidogo. Hawakudanganya. Pesa ilikuwepo wakati wa mavuno na mbolea ilihitajika miezi kadhaa baadaye, na katikati hapo kuna maisha. Mradi ukawafuata mara tu baada ya kuvuna, ukawauzia mbolea kwa bei ya kawaida pamoja na kuwafikishia bure. Waliotumia mbolea waliongezeka kwa kiasi kinacholingana na kile kinacholetwa na kupunguza bei kwa nusu baadaye katika msimu. Ada ya shule ya Januari ina tatizo lilelile, na mzazi anaweza kwenda kuuliza kama shule itapokea malipo kidogo kidogo tangu Oktoba au Novemba.

Vikoba vya Tanzania, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vimeyakusanya haya yote mahali pamoja. Mtindo wake ulianza Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipoboresha utaratibu wa akiba wa wanawake wa huko, na baadaye ukasambaa Afrika Mashariki. Kaa kwenye kikao kimoja uangalie. Sanduku linawekwa katikati, kila mtu analiona. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu, wala mtunza sanduku si mmoja wao. Asipokuja mmoja, halifunguki. Kabla ya pesa mpya kuingia, wanachama huulizwa salio la kikao kilichopita na kulitaja kwa mdomo, kisha wahesabu fedha wanahesabu hadharani. Hisa zinanunuliwa, kitabu kinagongwa muhuri, aliyechelewa analipa faini papo hapo. Kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, uliotengwa na hisa, kwa hiyo dharura haigusi akiba. Mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa, kwa kawaida karibu na msimu wa ada au kilimo. Hakuna mahali ambapo mwanachama anaombwa awe na moyo wa chuma.

Asiyetaka kikundi anaweza kuazima vipande vyake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali hutimizwa kuliko nia tupu. Mapitio aliyochapisha na Paschal Sheeran mwaka 2006 yalikusanya majaribio 94, na athari yake kwa jumla ilikuwa ya kuridhisha. Kwa hiyo badala ya "mwezi huu nitaweka akiba", sema "mshahara ukiingia, kabla sijatoka kwa wakala, natuma laki moja kwa dada yangu mkubwa anishikie". Dada achaguliwe kwa uangalifu.

Niseme pia mipaka ya hizi mbinu. Watafiti Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walipozikusanya kazi za vitengo vya Marekani vinavyotumia mbinu za aina hii kwa mamilioni ya watu, walikuta wastani wa mafanikio ni asilimia 1.4 tu ya watu walioguswa, wakati majarida ya kitaaluma yalikuwa yakitangaza asilimia 8.7. Anayepata kipato kisichotosha chakula hatatajirishwa na sanduku. Tatizo lake ni kipato, na kumhubiria mpangilio ni dharau ileile ya nidhamu iliyovishwa nguo mpya.

Halafu nguvu ya kikundi haina dini. Macho ya wenzako yanayokufanya utoe hisa kila wiki ndiyo yanayokuvuta kwenye utapeli. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ililazimika kuusimamisha mpango wa DECI, ambako watu walihimizwa na majirani na waumini wenzao "kupanda mbegu" na kusubiri kuvuna maradufu, na wengi wakapoteza. Leo miradi ya namna hiyo inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikijiita upatu. Hesabu ya kuitambua ni ya darasa la nne: katika upatu wa kweli watu kumi wakitoa elfu hamsini kila mwezi, kila mmoja atapokea laki tano zamu yake ikifika, bila senti ya ziada. Ukiahidiwa zaidi ya ulichotoa, na huoni mkopo wala biashara inayozalisha hiyo ziada, ondoka na pesa yako.