Nauru: Nchi Iliyouza Udongo Wake

Mwaka 1899, katika ofisi ya kampuni ya Pacific Islands mjini Sydney, Albert Ellis alivutiwa na jiwe lililokuwa likitumika kuzuia mlango usijifunge. Lilikuwa limeletwa kutoka kisiwa cha Nauru, na wenzake waliamini ni kipande cha mti wa kale uliogeuka jiwe. Ellis hakuridhika. Akalipima, na majibu yakamshangaza: fosfeti, tena ya kiwango cha juu sana.

Fosfeti haing'ai kama dhahabu, lakini chakula cha dunia kinaitegemea. Bila fosforasi iliyomo ndani yake, mahindi hayatoi mizizi ya kutosha wala punje zilizojaa. Ndiyo anayoifuata mkulima wa Mbeya au wa Trans Nzoia anaponunua mfuko wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda. Ndiyo inayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, mahali palipokuwa kisiwa cha ndege enzi hizo ziwa likiwa kubwa kuliko lilivyo leo. Maumbile huchukua maelfu ya miaka kuilimbikiza, na maisha ya mtu mmoja yanatosha kuimaliza.

Nauru ni kisiwa kimoja kilicho peke yake katika Bahari ya Pasifiki, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 21. Unguja inakizidi zaidi ya mara 70. Watu wake waliishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani, wakitegemea minazi, mikadi na samaki. Walikuwa wafugaji hodari wa mwatiko: walikamata vifaranga kwenye miamba ya pwani, wakavizoesha maji yasiyo ya bahari kidogo kidogo, kisha wakavilea katika ziwa dogo la Buada, ambalo familia ziligawana sehemu zake. Mfugaji wa mwatiko wa Pemba au Kilifi angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Ilidhoofika katika miaka ya 1960, baada ya perege wa jamii ya Msumbiji kuingizwa kisiwani, akazaliana na kuwazidi nguvu mwatiko.

Uchimbaji ulianza chini ya Wajerumani, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisiwa kiliwekwa mikononi mwa Uingereza, Australia na New Zealand, nazo zikaunda tume ya pamoja ya kuchimba. Fosfeti ya Nauru ilinenepesha mashamba na malisho ya Australia na New Zealand kwa bei iliyo chini ya ile ya soko la dunia, huku wenye kisiwa wakiambulia mrabaha mdogo. Vita ya pili ikaleta balaa jingine. Wajapani waliwahamisha Wanauru wapatao 1,200 hadi visiwa vya Chuuk kufanya kazi za kulazimishwa, na mamia hawakurudi. Waliosalia walitua nyumbani tarehe 31 Januari 1946.

Shimo lilipozidi kupanuka, watawala walikuja na pendekezo: Wanauru wote wahamie kisiwa cha Curtis, kwenye pwani ya Queensland. Mwaka 1964 wakakataa. Hawakutaka kuyeyuka ndani ya Australia na kupoteza taifa lao. Walichagua uhuru, nao ukapatikana tarehe 31 Januari 1968, siku ileile ya kumbukumbu ya kurudi kutoka Chuuk, chini ya Hammer DeRoburt, rais wa kwanza.

Kufikia hapo, theluthi moja hivi ya ardhi yenye fosfeti ilikuwa imekwisha kuchimbwa na wageni. Taifa changa likainunua migodi na kuendelea na kazi ileile kwa mitambo ileile. Ni rahisi kuwalaumu Wanauru leo, lakini walikuwa wamerithi uchumi wa kitu kimoja, na kwa mara ya kwanza faida ilikuwa yao.

Na faida ilikuwa kubwa kweli. Katika miaka ya 1970 Nauru, yenye watu elfu chache, ilitajwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani kwa pato la kila mtu. Kodi ya mapato haikuwepo. Matibabu na elimu vilikuwa bure. Nchi ikawa na shirika lake la ndege, na mwaka 1977 ikafungua mjini Melbourne jengo la ghorofa 52 lililoitwa Nauru House. Chakula kikawa cha makopo na magunia, kikiletwa kwa meli. Mwili ulilipa mapema kuliko hazina: uchunguzi wa katikati ya muongo huo ulikuta karibu theluthi moja ya watu wazima wana kisukari.

Miaka michache tu kabla ya Nauru House kufunguliwa, mwaka 1972, watafiti wa Marekani, miongoni mwao Donella na Dennis Meadows, walikuwa wamechapisha ripoti ya Mipaka ya Ukuaji kwa ajili ya kundi la wataalamu liitwalo Klabu ya Roma. Wengi huisema vibaya, eti ilitabiri dunia itaishiwa kila kitu kabla ya mwaka 2000. Haikusema hivyo. Kwa kutumia kompyuta, ilionyesha kwamba dunia ikiendelea na mwendo wake, viwanda, chakula na idadi ya watu vitapanda mpaka ndani ya karne ya 21, kisha vishuke. Hatari iko katika kuchelewa kwa dalili. Uzalishaji huweza kuendelea kupanda muda mrefu baada ya mpaka kuvukwa, kwa sababu kinacholiwa ni akiba. Mkulima anayekula mbegu hulala ameshiba. Mwaka 2008 mtafiti Graham Turner wa Australia alilinganisha ripoti hiyo na takwimu halisi za miaka 30, akakuta dunia imefuata kwa karibu ile njia ya kutobadilisha kitu.

Wanaoandika juu ya kuanguka kwa jamii zilizovuka mpaka huo hupenda mfano wa Rapa Nui, kisiwa cha sanamu kubwa za mawe. Mfano huo unazidi kutiliwa shaka: utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024 haukuona dalili ya watu wake kupukutika kabla ya kuja kwa Wazungu. Nauru haihitaji kubahatisha. Hesabu zake zimeandikwa.

Wanauru hawakuwa vipofu. Walijua fosfeti ina mwisho, wakaweka sehemu ya mapato katika mfuko wa akiba wa vizazi vijavyo, uliopita dola bilioni moja za Australia. Huo ndio ushauri ambao nchi zenye mafuta na madini hupewa hata sasa: geuzeni mali ya ardhini kuwa fedha. Lakini fedha zinaweza kupotea kwa njia nyingi kuliko udongo. Sehemu ilikwenda kwenye uwekezaji mbaya, ikiwemo tamthilia ya muziki kuhusu Leonardo da Vinci iliyoporomoka London mwaka 1993. Nyingine ililiwa na matumizi ya serikali, ufisadi na riba ya mikopo. Nauru House iliuzwa mwaka 2004. Mwaka uliofuata, ndege ya mwisho ya shirika la taifa ilichukuliwa na wadai.

Kilichobaki ni uwanda wa juu wa kisiwa, unaoitwa Topside. Kiasi cha asilimia 80 ya nchi kimechimbwa. Fosfeti ilikuwa imejaa kati ya nguzo za mawe ya matumbawe. Ilipokombwa, nguzo zikabaki wima, kijivu, zenye ncha, zimepishana na mashimo. Huwezi kulima hapo, na hata kupita kwa miguu ni taabu. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa uharibifu wa kabla ya uhuru, na mwaka 1993 wakapatana nje ya mahakama kwa dola milioni 107 za Australia. Ukarabati umekwenda polepole mno.

Watu hawakutoweka. Hili ni muhimu, maana wengi hudhani jamii ikianguka ni magofu na kimya. Nauru ina bunge, shule, na zaidi ya watu 10,000. Ilichopoteza ni uwezo wa kukataa, ule uliowafanya wazee wao kuikataa Curtis. Ilianza kuuza leseni za benki za nje, mpaka ikashutumiwa kuwa maficho ya fedha haramu. Tangu mwaka 2001, kwa vipindi, imelipwa na Australia kuwashikilia wakimbizi ambao Australia haiwataki. Mwezi Juni 2021 iliishinikiza Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari kukamilisha kanuni za kuchimba madini kilindini, safari hii chini ya bahari.

Bahari yenyewe inapanda, na karibu watu wote wanaishi pwani. Serikali ina mpango wa kuwahamishia sehemu kubwa ya wananchi Topside, kwenye ardhi ileile iliyochimbwa, kwa kuwa hakuna nyingine iliyo juu. Sehemu ya fedha inatafutwa kwa kuuza uraia: tangu Februari 2025, mgeni aliye tayari kulipa anaweza kuomba pasipoti ya Nauru; mpango ulipoanza, malipo yalianzia dola 105,000 za Marekani.