Zinki Humuumbua Mghushi

Msomaji ameuliza: mtu akileta chetezo au kinara cha shaba na kudai kilitoka katika kanisa la Ulaya la karne ya 14, wataalamu wa makumbusho hujuaje kama anadanganya?

Umbo na kutu tuviache. Kutu ya kijani hupatikana kwa asidi. Mashine ya eksirei nayo tuipite: humulika chombo bila kukikwangua, ikataja metali zilizomo na kiasi cha kila moja. Utamu wa jibu uko kwenye tarakimu moja tu, ya zinki.

Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kuipata zinki ndiyo iliyokuwa kazi. Huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, na tanuri la kuitoa katika mawe yake lazima lifike karibu 1,000. Basi ilitoka ikiwa tayari mvuke, ikaungua hewani na kupotea.

Mafundi wa Ulaya wakaamua kufukiza, kama nguo zinavyofukizwa udi. Walitia chunguni vipande vya shaba nyekundu, mawe ya zinki yaliyosagwa na mkaa, wakaziba mfuniko, wakachochea moto. Mvuke ukakosa pa kutokea, ukapenya ndani ya shaba ingali ngumu, kama moshi wa udi unavyoingia uzi kwa uzi. Lakini kanga iliyotandazwa hushika harufu kuliko iliyofinyangwa donge, na hapo ndipo penye siri. Kadiri shaba inavyokunywa zinki, ndivyo inavyoyeyuka kwa joto dogo zaidi. Hatimaye vipande hulegea, hutiririka, hukusanyika chini ya chungu. Kanga imekuwa donge: uso umepungua, na mvuke hauna pengi pa kuingilia. Ndiyo maana shaba ya manjano ya zama hizo mara chache ilipita asilimia 28 ya zinki. Ufundi ulipoboreshwa baadaye, ulikwama karibu na 33.

Mwaka 1738 William Champion wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya kuugandisha mvuke huo ukawa zinki ya kushikika. Mwaka 1781 James Emerson akapata yake ya kuichanganya na shaba moja kwa moja. Tangu hapo hata asilimia 40 ikawezekana. Wahindi wa Zawar walitangulia kwa karne kadhaa, hivyo kipimo hiki ni cha vyombo vya Ulaya.

Kipimo hicho ndicho kilichochangia kuliumbua bamba lililopatikana California mwaka 1936, likidaiwa kuachwa na baharia Francis Drake mwaka 1579. Lilipochunguzwa miaka ya 1970 lilikutwa na zinki ya asilimia 35 hivi. Lilikuwa la kughushi.

Zinki kidogo haithibitishi uzee. Nyingi humaliza kesi. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuuliza bei ya chetezo hicho, omba majibu ya vipimo. Zinki ikizidi asilimia 33, funga pochi.