Kamango: Mbele ya kufadhili mtoto mmoja, uliza nani atabaki naye vita ikirudi

Swali linafika kwa simu, mara nyingi usiku. Ndugu anayeishi Ulaya, Kanada ao Marekani anauliza jamaa yake ya Butembo kama inafaa alipie mtoto mmoja wa Kamango masomo kila mwezi. Ameona picha, moyo umemuuma, na pesa kidogo iko. Jibu linaonekana rahisi, lakini kwa wenye kuijua Kamango si rahisi hata kidogo.

Kamango iko katika usheferi wa Watalinga, teritwari ya Beni, karibu na mpaka wa Uganda. Watu wa huko wanaishi na mashamba, na kakao ndiyo inalipa mambo mengi ya nyumba: dawa, mabati, masomo. Usalama ukiharibika na njia ya shamba ikifungwa, pesa ya masomo inakatika siku hiyohiyo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali, kama Katiba inavyosema katika kipengele chake cha 43. Lakini sekondari wazazi bado wanalipa, na daftari, viatu na yunifomu havijawahi kuwa vya bure.

Kwa hiyo lazima iko, na hakuna anayeikataa. Kinachotia wasiwasi ni mambo ya kesho.

Tarehe 11 Julai 2013, waasi wa ADF walishambulia Kamango. Katika siku chache, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia wilaya ya Bundibugyo, nchini Uganda. Wengine walirudi kidogokidogo, wengine walipelekwa mbali zaidi, katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Tangu hapo hali haikutulia kabisa. Tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani 15 wa Tanzania waliuawa katika kambi yao ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau-Kamango. Mtoto aliyekuwa darasani Kamango asubuhi moja aliweza kulala ngambo ya mpaka usiku ule. Mfadhili anayelipa kupitia shule moja, ama mtu mmoja, angemtafuta wapi?

Ufadhili wenyewe una faida, na hilo limeonekana karibu na sisi. Mwaka 2013, wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walitoa uchunguzi juu ya watu waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion International katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Uganda. Walikuta kwamba watu hao walisoma mwaka mmoja na zaidi kuliko wenzao wasiofadhiliwa, na walipofika ukubwa walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata kazi ya mshahara.

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 1998, gazeti la Chicago Tribune la Marekani lilieleza namna wanahabari wake walifadhili watoto, kisha wakaenda kuwatafuta walipoishi. Mtoto mmoja wa Mali alikuwa amekufa zamani, na pesa yake ilikuwa ingali inapokelewa. Kama hayo yalitokea pasipo vita, Kamango inaomba uangalifu mara mbili.

Mashirika nayo hayafanani. Kuna yale yanayofuata mtoto mwenyewe: shule yake, afya yake, barua zake. Mengine, kama World Vision, yanatumia pesa ya wafadhili kwa kazi za kijiji kizima, kama vile maji ao shule, hata kama mfadhili ana picha ya mtoto mmoja mkononi. Anayetaka kutoa afaa ajue mapema ni njia gani analipia.

Kuna pia mambo ya ndani ya nyumba. Katika nyumba yenye watoto saba, mmoja akianza kuvaa viatu vipya na wengine wanabaki kwenye shamba, mama ndiye anabaki na kesi ya kukata. Na picha yenye jina la mtoto, shule na kijiji si jambo la kuonyesha watu ovyo mahali ambapo waasi wanateka watoto.

Pamoja na hayo, Beni na Butembo wana ufadhili wao wa zamani ambao hauna picha wala mkataba. Vita ikifika, jamaa zinapokea watoto wa ndugu na wa jirani, zinawapa pa kulala na kuwaandikisha shule. Mkono mmoja haulei mwana. Lakini jamaa hizo nazo zinachoka, na ni mara chache msaada wa mbali unazifikia.

Hapo ndipo ndugu wa ngambo anaweza kuanzia. Aulize kwanza mtoto anaishi na nani, na kama wakikimbia, nani atajua walipoenda. Alipe shule moja kwa moja na aombe karatasi ya malipo. Akubaliane na wazazi kwamba pesa ikiweza kusomesha wawili kwa kiasi, ni heri kuliko mmoja kwa fahari. Mtoto akihama, pesa imfuate, iwe Beni, Butembo ama Bundibugyo.

Tena ahesabu miaka. Kutoka darasa la saba mpaka diploma ya taifa ni miaka 6. Kwa mtoto aliyekwisha kukimbia vita, kufukuzwa shuleni katikati ya njia kwa sababu mtu wa mbali amenyamaza ni pigo lingine. Asiyeweza kuahidi miaka 6 anaweza kulipa mwaka mmoja, mradi aseme hivyo tangu siku ya kwanza, na wazazi wajue.