Teluji ya milima: namna gani watu wanapima kama itashikilia ao itaporomoka

Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Aprili, habari za inje zinatangaza watu waliokufa katika maporomoko ya teluji. Leo ni Uswisi, kesho ni Ufaransa, kesho kutwa Kanada. Hapa kwetu Kivu ao Ituri mutu anasikiliza na kujiuliza: kitu chenye kuanguka polepole kama pamba kinaua mutu namna gani? Na kwa nini watu wale hawakuona hatari mbele ya kupita?

Swali la kwanza liko na jibu fupi. Teluji iliyoanguka leo ni nyepesi, kweli. Lakini ikilala siku kadhaa inashikana, na metre kibe moja inaweza kufikia kilo 200, 300, hata 400. Kipande chenye upana wa uwanja wa mupira na kimo cha metre moja, kikikatika, ni zaidi ya tani 1000 zenye kushuka na mwendo wa kilometa 100 kwa saa ao zaidi. Ikisimama, inagandamana kama simenti. Mwenye kufunikwa hawezi hata kusogeza kidole. Wenzake wakimufukua katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi anapona. Nusu saa ikipita, tumaini linakuwa kidogo sana.

Swali la pili njo gumu. Watu wa milima ile wanapima teluji mbele ya kuivuka, lakini kipimo chao kiko na mupaka.

Matabaka

Kwetu Kongo teluji inaonekana zaidi Rwenzori, kule juu ya Mutwanga, karibu na kilele cha Margherita chenye metre 5109, na barafu yake inapunguka mwaka kwa mwaka. Kule Ulaya na Kanada ni jambo lingine. Teluji inaanguka miezi na miezi, na kila mara inakuja na sura yake: ya kukauka, ya kulowana, ya kusukumwa na upepo. Inapangana tabaka juu ya tabaka. Hatari inatokea wakati tabaka gumu linalala juu ya tabaka zaifu. Weka ubao mupana juu ya mahindi ya kukauka, kisha uinamishe polepole: ubao utateleza wote kwa mara moja. Teluji inafanya vile.

Tabaka zaifu linatoka wapi? Mara nyingine ni kama umande: usiku wenye baridi na bila mawingu, mvuke wa hewa unaganda juu ya teluji na kufanya majani madogo yenye kungaa. Ni mazuri kuangalia. Lakini teluji mupya ikiyafunika, yanabaki pale chini kama kioo chembamba. Mara nyingine linatokea ndani kabisa. Udongo unabaki karibu na digri 0, lakini hewa ya juu iko digri 20 chini ya sufuri. Kama teluji ni kidogo, mvuke unapanda kwa nguvu kutoka chini, na chembe zinakuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizishika kwa mukono zinamwangika kama sukari. Tabaka la namna ile linaweza kudumu majuma, hata miezi.

Watu wa Kalehe wanajua mulima wenye kushuka. Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, maji, mawe na udongo vilifunika manyumba ya watu. Pale mvua kubwa ilionekana, ilisikika. Teluji iko na ujanja mwingine: jua linaweza kuwaka, hewa ikiwa nzuri kabisa, na mulima ukangojea tu uzito wa mutu mumoja. Katika ajali nyingi za watu wenye kutembea na ski, maporomoko yaliamushwa na yule aliyefunikwa mwenyewe, ao mwenzake.

Peli, mukono na musumeno

Mwenye kupima anachimba shimo katika teluji, mara nyingi lenye kupita metre moja. Hachimbe pale penye hatari. Anatafuta fasi ya salama yenye kufanana na ile anayotaka kupita, yenye kuelekea upande uleule na yenye kuwa karibu na kimo kilekile. Kisha anasukuma ukuta wa shimo, tabaka moja kisha lingine. Ngumi ikiingia, tabaka ni laini sana. Kama si ngumi, anajaribu vidole vine, halafu kidole kimoja, halafu kalamu, na mwisho kisu. Anatafuta pale ugumu unapobadilika kwa rafla, juu ya kwamba pale njo teluji inapendelea kukatika.

Kisha anakata nguzo. Katika kipimo chenye kutumiwa sana leo, ambacho Ron Simenhois na Karl Birkeland walitangaza mwaka wa 2006, nguzo iko na upana wa sentimetre 90 na urefu wa sentimetre 30 kuelekea juu ya mulima. Anaweka peli juu yake, kwa upande mumoja tu, na kupiga: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mukono, mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, mara 10 kwa nguvu ya bega. Hesabu ya mapigo iko na maana, lakini kuna jambo kubwa kuipita. Ufa ukitokea chini ya peli na kubaki palepale, si vibaya sana. Ufa ukikimbia mara moja mpaka mwisho wa zile sentimetre 90, mulima unamujulisha kwamba unaweza kufunguka wote. Wengine wanapitisha musumeno ndani ya tabaka zaifu na kuangalia ufa utakimbilia wapi. Waswisi walikuwa na kipimo cha zamani, kikubwa zaidi: kukata kipande chenye upana wa metre 2, kisha mutu anapanda juu yake na ski na kurukaruka.

Lakini shimo ni moja, na mulima ni mukubwa. Metre 20 mbele, upepo uliweka teluji nyingi zaidi, ao jiwe lilibadilisha joto, na jibu linakuwa lingine. Ndiyo maana wajuzi wanasoma kipimo kwa upande mumoja: kikionyesha ubaya, wanakiamini na kurudi. Kisipoonyesha kitu, hakijawapa ruhusa. Watu wengi wanapotelea hapo, juu mutu aliyechimba saa nzima katika baridi anatamani kusikia "pita".

Kanada ilijifunza hayo kwa machozi. Novemba 2002, katika milima ya British Columbia, mvua ilinyesha juu ya teluji, ikagandamana, na chembe zaifu zikatokea karibu na lile ganda. Miezi miwili na zaidi nyuma yake bado lilikuwa linaua. Tarehe 20 Januari 2003, watu saba walikufa katika milima ya Selkirk. Tarehe 1 Februari, karibu na Rogers Pass, wanafunzi 14 wa sekondari na watu wazima watatu walikuwa wanapita katika bonde. Maporomoko yalianza juu sana, mbali na fasi walipokuwa, yakawashukia. Wanafunzi saba walikufa. Hakuna shimo lenye kuchimbwa katika bonde linaloweza kupima mutelemuko wa juu vile.

Kiisha pale, Parks Canada ilipanga njia za milima katika ngazi tatu kufuatana na hatari, na makundi ya vijana hayana ruhusa ya kuingia katika ngazi ya juu. Wajuzi pia wanaanza na mambo mepesi kuliko shimo: mutelemuko uko na digri ngapi? Maporomoko mengi yanaanza kati ya digri 30 na 45, tuseme mukali kama ngazi za nyumba ya etaje ao zaidi. Chini ya pale, na bila mutelemuko mukali juu ya kichwa, mutu anapita hata kama teluji ni mbaya.

Wenye kwenda kule wanabeba pia peli, fimbo ndefu ya kutafutia na redio ndogo kifuani (ndiyo, redio) yenye kutuma alama kwenye 457 kHz, chini kidogo ya masafa ya AM. Mutu akifunikwa, wenzake wanageuza zao kwenye kupokea na kufuata sauti.

Kwa wale wenye ndugu ao watoto wenye kusoma kule: taarifa ya hatari, yenye ngazi 1 mpaka 5, inatolewa bure wakati wote wa baridi. Uswisi ni taasisi ya SLF ya Davos, Ufaransa ni Météo-France, Kanada ni Avalanche Canada, na Québec iko na Avalanche Québec, yenye kuandika kwa Kifaransa. Muwaambie wasidanganyike na ngazi ya 3. Iko katikati tu, inaonekana ya kawaida, na njo ngazi yenye kuua watu wengi zaidi.