Neno "bombo"

Hapa Kamina tulisikia katekista mmoja akimkataza mtoto kusema bombo: ati si Kiswahili, aseme halua. Na halua je? Limetoka kwa Waarabu, ambao huita kitu kitamu hulw. Sukari nayo ilisafiri mbali: kwa Wahindi wa kale śarkarā ilikuwa pia changarawe, neno likapita kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kutufikia sisi. Bombo ni bonbon ya Wafaransa, yaani bon mara mbili, "nzuri nzuri", kama watoto wanavyosema. Sisi wa polepole na mbalimbali tusishangae.

Duka lake Wafaransa huliita confiserie. Hapo Kilatini chetu kinafaa: shina ni conficere, kutengeneza kitu mpaka kimekamilika, neno lilelile wanateolojia wanalotumia kwa kufanya Sakramentu. (Waseminari walicheka sana.)

Tena halua ni kitu kingine: hupikwa kwa sukari, samli na wanga, na watu wa Zanzibar na Omani huila pamoja na kahawa. Mtoto yule alitaka kitu cha kumumunya, na jina lake alilijua.