Ana Mimba au Kashiba Tu?

Samaki wa mapambo wanaozaa badala ya kutaga: jinsi ya kujua jike ni mjamzito, na dalili kwamba siku imefika

Mmenunua samaki wawili watatu, tangi limekaa pale pembeni ya televisheni, sebule imependeza. Wiki kadhaa zinapita, mmoja wao anaanza kutuna tumbo. Baba mwenye nyumba anasema kashiba. Mama anasema huyo ana mimba. Nani yuko sahihi? Msilichukulie kama utani, maana mkikosea siku mnaweza kumpoteza mama na watoto wake kwa mpigo.

Siyo kila samaki anataga

Tuelewane kwanza. Samaki wengi hutaga mayai. Hata sato wetu hutaga, kisha jike anayabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Lakini gapi, moli, plati na yule mwenye mkia kama upanga wana mtindo mwingine kabisa. Mayai hubaki tumboni, watoto wanakulia humo humo, na wakitoka wanaogelea tangu dakika ya kwanza. Asili yao wote ni bara la Amerika. Gapi amepata jina kutokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka kisiwa cha Trinidad katika miaka ya 1860.

Kumtofautisha dume na jike si kazi. Dume la gapi ni dogo, lina rangi za kung'aa na mkia wa madaha. Jike ni kubwa na rangi zake zimepoa. Kama bado una wasiwasi, angalia pezi la chini, nyuma ya tumbo: la jike limetanuka kama feni, la dume limekuwa jembamba kama kijiti.

Mimba ya nani?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Umenunua jike peke yake, hajawahi kukaa na dume nyumbani kwako, na bado kazaa. Usitafute mchawi! Jike la gapi huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, na akipandwa mara moja anaweza kuzaa mara kadhaa mfululizo. Dukani madume na majike mara nyingi huwekwa tangi moja, kwa hiyo jike aliyekomaa mhesabu kuwa ni mjamzito tangu siku ulipomlipia. Tena watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Tamthilia gani inafikia hapo?

Dalili za mimba

Doa. Karibu na lile pezi la chini kuna doa ambalo kwa jike la gapi huonekana wazi. Mimba inavyokua, doa hilo linazidi kuwa jeusi na pana. Kwa moli mweusi usijisumbue kulitafuta, hutaliona. Kwake angalia umbo tu.

Tumbo. Aliyeshiba hutuna baada ya kula na kesho yake amerudi kawaida. Mjamzito haywei, anaongezeka siku hadi siku.

Kalenda. Gapi hubeba mimba kwa takribani siku 21 hadi 30. Maji yakiwa na joto zaidi siku hupungua, yakipoa huongezeka. Moli anaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Akizaa mara ya kwanza, andika tarehe ukutani. Uzao unaofuata utaukadiria vizuri.

Halafu kuna tumbo ambalo si mimba wala si shibe. Ukiona mwili wote umevimba na magamba yamesimama mpaka ukimtazama kwa juu anafanana na koni ya msonobari, huyo ni mgonjwa. Mtenge na wenzake na uangalie hali ya maji yako haraka.

Siku imefika

Saa zikikaribia, tumbo halibaki mviringo. Linashuka na kuwa na kona, kama boksi. Kwa majike wenye rangi nyepesi unaweza hata kuona vidoa vidogo vyeusi ndani ya tumbo: hayo ni macho ya watoto. Tabia nayo inabadilika. Anajitenga, anajificha nyuma ya mimea au kukaa karibu na hita. Anakataa chakula au anakitema. Anapumua harakaharaka, na mara nyingine mwili unatetemeka kama mwenye baridi.

Watoto hutoka mmoja mmoja, na kazi inaweza kuchukua saa kadhaa. Mama mdogo anaweza kuzaa wachache tu. Mkubwa wa gapi anaweza kufikisha hata zaidi ya 100.

Mikono mbali

Kosa kubwa ni kumkimbiza mjamzito na kiwavu na kumfungia ndani ya kile kijisanduku cha kuzalishia wiki nzima kabla. Akishtuka anaweza kuchelewa kuzaa, kutoa watoto ambao hawajakomaa, au kufa yeye mwenyewe. Kama ni lazima kumhamisha, subiri dalili za mwisho, na fanya taratibu.

Njia nzuri zaidi ni kujaza mimea mingi ndani ya tangi mapema, hasa ile inayoelea na ile ya kufumana kama nyuzi, ili watoto wapate pa kujificha. Watahitaji, maana mama akimaliza kuzaa anaweza kuwala. Usimhukumu! Gapi hana malezi. Kitu kidogo kikipita mbele yake ni chakula. Mlishe vizuri, na kama alizalia pembeni, mrudishe kwa wenzake mara tu amalizapo. Mdomo wa chujio uzibe na kipande cha sponji, watoto wasivutwe.

Walishe watoto chakula cha samaki kilichosagwa hadi kuwa unga, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Ute wa njano wa yai la kuchemsha unafaa pia, lakini chembe tu, kwani ukizidi unachafua maji. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, siyo yote kwa pamoja, na maji ya bomba yatibu klorini kwanza.

Mkae mzungumze

Sasa hesabu yenyewe. Jike mmoja, uzao karibu kila mwezi, na mabinti zake watakomaa ndani ya miezi michache. Kuanzia wiki ya nne anzeni kukagua yale mapezi na kutenganisha madume na majike. Wengine wapeni marafiki au mwenye duka.

Ila msiwamwage mtoni wala mtaroni, hata kama mnawaonea huruma. Gapi wamesambazwa nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, na kuna sehemu wamegeuka kero kwa samaki wa asili.

Kwa hiyo kabla ya kununua jike wa pili, jibuni swali moja mkiwa wote wawili: watoto wakija 40, watakaa wapi? Kama jibu hamna, nunueni madume tu. Hata hivyo, ndio wazuri zaidi wa rangi.